Raha Yenye Haya: Filamu za Mapigano za Daraja la Pili na Watazamaji Wake wa Kiswahili



Utangulizi

Mada ya mhadhara huu huenda ikawashangaza baadhi yenu. Jukwaa hili limezoea kusikia habari za tenzi, za lahaja, za sarufi na za usanifishaji. Leo nakusudia kuzungumzia filamu za ngumi na bunduki, zile zilizotengenezwa kwa fedha kidogo na kwa haraka, hasa baina ya mwaka 1970 na 1990. Hizi ni filamu ambazo hadithi zake hufanana kama maharagwe ya gunia moja, na ambazo mtu mwenye elimu akikutwa anazitazama huharakisha kusema kwamba alikuwa anapita tu. Hata hivyo hapiti. Aghalabu huketi mpaka adui mkuu aanguke.

Swali la mhadhara huu ni kwa nini raha hiyo huambatana na haya, na kama haya hiyo ni ya haki. Nitajaribu kuonyesha kwamba ndani yake mna haya mbili zilizochanganywa. Ya kwanza ni haya ya kupenda kitu rahisi; hiyo tumeazima kwa wengine, na haitufai. Ya pili ni haya ya kufurahia picha zinazowadhalilisha watu, wakiwamo watu wetu wenyewe. Hiyo ni ya haki na inapaswa kubaki. Kwa kushindwa kuzitenganisha, taaluma ya Kiswahili imechelewa kuitazama sanaa moja kubwa ya masimulizi iliyochipuka mbele ya skrini za filamu hizo, na sasa ushahidi wake unapotea.

Asili ya daraja la pili

Istilahi ya daraja la pili, au daraja la B, haikubuniwa na wahakiki. Iliundwa na wafanyabiashara wa Marekani katika miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Ili kuwavuta watu ambao mifuko yao ilikuwa mitupu, majumba ya sinema yalianza kuonyesha filamu mbili kwa tiketi moja. Ya kwanza ilikuwa na mchezaji mashuhuri, na mwenye jumba alimlipa mtengenezaji sehemu ya mapato ya mlangoni. Ya pili ilikuwa fupi na ya gharama ndogo, nayo ilikodishwa kwa bei maalumu isiyopanda wala kushuka. Kwa hiyo mtengenezaji wa filamu ya pili alijua atapata kiasi gani kabla hajawasha kamera, na hakuwa na sababu ya kutumia zaidi ya hapo. Herufi B ilihusu hesabu, si ubora.

Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu iliyoyalazimisha makampuni makubwa ya filamu kuachana na umiliki wa majumba ya sinema. Utaratibu ule wa kibiashara ukavunjika pole pole, lakini herufi ikasalia, na ikageuka kuwa hukumu juu ya thamani ya kazi yenyewe.

Kizazi cha filamu ninachokizungumzia kilianzia Hong Kong. Kampuni ya Shaw Brothers na mshindani wake, Golden Harvest iliyoanzishwa mwaka 1970, zilitoa filamu za kung fu kwa wingi na kwa kasi. Bruce Lee alitokea katika The Big Boss mwaka 1971 na Fist of Fury mwaka 1972. Alifariki tarehe 20 Julai 1973, wiki chache kabla Enter the Dragon haijaanza kuonyeshwa Marekani. Baada ya kifo chake watengenezaji walitafuta watu wanaomfanana, wakawapa majina kama Bruce Li, Bruce Le na Dragon Lee, na filamu zikaendelea kutoka kana kwamba marehemu hakufa.

Mwaka 1979 binamu wawili kutoka Israeli, Menahem Golan na Yoram Globus, walinunua kampuni ya Cannon iliyokuwa ikiyumba. Mwaka 1981 walitoa Enter the Ninja, na ninja wao alikuwa Mwitaliano Franco Nero, yule yule aliyekuwa Django mwaka 1966. Zikafuata Missing in Action ya Chuck Norris mwaka 1984 na American Ninja mwaka 1985. Namna walivyofanya kazi inaonekana katika jambo moja. Filamu mbili za kwanza za Missing in Action zilipigwa kwa mfululizo. Wenye mali walipoona kwamba ya pili imetoka vizuri kuliko ya kwanza, waliitanguliza sokoni, na ile ya kwanza ikafuata mwaka 1985 kama habari za mambo yaliyotangulia. Huko Hong Kong mwongozaji Godfrey Ho alikwenda mbali zaidi. Alichukua filamu za Asia zilizokwisha kutengenezwa, akapachika ndani yake vipande vipya vya ninja, akabadili maneno yote, na kuuza kitu hicho kama filamu mpya.

Anayezitazama leo huziona kasoro hizo mara moja. Midomo inakwenda njia moja na sauti nyingine, bunduki haiishiwi risasi, na maadui ishirini wanamzunguka mtu mmoja lakini kila mmoja anasubiri zamu yake kwa adabu. Hapo ndipo penye kiini cha raha yenyewe. Katika filamu ya gharama kubwa kazi imefichwa. Katika filamu rahisi mshono unaonekana, na mtazamaji hupata furaha ya fundi anayetazama kazi ya fundi mwenzake. Aidha, kwa kuwa hapakuwa na kompyuta ya kudanganya jicho, aliyeruka ukuta aliuruka kweli, na aliyeanguka aliumia kweli.

Nchi za Magharibi zimeujadili mvuto huu kwa muda mrefu. Susan Sontag aliandika mwaka 1964 juu ya ladha inayopendezwa na kitu kwa sababu ya kupita kwake kiasi. Pauline Kael naye, mwaka 1969, alitetea kwamba asiyejua kufurahia takataka nzuri za sinema hana sababu nyingi za kuipenda sinema. Lakini hoja hizo ni za watu walioanza kwa kuikubali ngazi ya A na B, kisha wakaamua kucheza nayo. Kwetu ngazi hiyo haikufika.

Njia ya filamu hadi kwetu

Miji ya Unguja, Dar es Salaam na Mombasa ilikuwa na majumba ya sinema miaka mingi kabla ya uhuru, na mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2018, ameonyesha jinsi kwenda sinema kulivyokuwa sehemu ya maisha ya familia za mijini Tanzania katika karne ya ishirini. Mwaka 1966 Dar es Salaam ilipata uwanja wa sinema ya kutazamwa ndani ya magari. Filamu za Kihindi, za Kimisri na za Kimarekani zilishindana kwa miongo kadhaa kabla ya ngumi za Hong Kong kuingia.

Zilipoingia, ziliikuta Tanzania ya Azimio la Arusha. May Joseph, katika kitabu chake cha mwaka 1999, ameeleza jinsi vijana wa Dar es Salaam wa miaka ya 1970 walivyozipokea filamu za kung fu, na jambo hilo si gumu kuelewa. Katika The Big Boss Bruce Lee ni kibarua wa kiwanda cha barafu huko Thailand. Tajiri wake anaficha dawa za kulevya ndani ya mabonge ya barafu na kuwaua wafanyakazi wanaogundua siri hiyo. Kibarua huyo hana bunduki wala fedha. Ana mwili wake tu. Vijana waliokuwa wakisikia kila siku habari za unyonyaji na kujitegemea hawakuhitaji mkalimani ili waielewe hadithi hiyo.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na video. Visiwani Zanzibar televisheni ilikuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Kwa sababu hiyo, kwa watu wengi wa Bara kioo cha televisheni kilikuja kikiwa kimefungwa kwenye deki ya video, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuonyesha picha za kukodi. Yakazuka mabanda ya video, ambayo kwa mzaha wa kweli yaliitwa vibanda umiza: mabenchi ya mbao, joto, pazia jeusi mlangoni, na spika iliyoelekezwa nje ili mlio wa mapigano uwaite wapita njia. Kanda zilinakiliwa kutoka katika nakala za nakala, hata nyuso za wachezaji zikafifia.

Katika mabanda hayo A na B zilipoteza maana. Rambo ya mwaka 1985, iliyogharimu mamilioni mengi, na American Ninja ya mwaka huo huo, iliyotengenezwa kwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo, zilikaa katika rafu moja, zikalipiwa kiingilio kimoja, na zikapimwa kwa kipimo kimoja. Watazamaji walikuwa na uainishaji wao: picha la ngumi, picha la bunduki, picha la kivita, picha la Kihindi. Wanafunzi wa isimu wataona hapa kwamba picha imeacha upatanisho wa ngeli yake ya kawaida na kuchukua ule wa umbo la ukubwa. Sarufi yenyewe inaeleza jinsi mzungumzaji anavyolistahi jambo analolitaja.

Stelingi na msamiati wa mabanda

Neno kuu la mabanda hayo ni stelingi. Yaelekea limetokana na neno la Kiingereza lililoandikwa mwanzoni mwa picha kabla ya jina la mchezaji mkuu. Maana yake imekuwa pana kuliko asili yake. Stelingi ndiye mtu ambaye jicho halimwachi, naye ana upinzani wa kudumu na adui, neno la Kiswahili lililopewa hapo kazi ya kiistilahi. Kutokana nalo umezuka msemo kwamba stelingi hafi, msemo unaotumika hata nje ya filamu, kwa mwanasiasa aliyenusurika kashfa au timu iliyosawazisha dakika ya mwisho.

Msemo huo unastahili kuwekwa karibu na kisa cha Fumo Liyongo, shujaa mkuu wa fasihi yetu, ambaye utenzi wake ulitungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Liyongo anakufa. Anachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe aliyeahidiwa zawadi, na hata akiwa maiti, amepiga magoti kisimani na upinde mkononi, watu wa mji wanaogopa kumkaribia. Ushujaa katika utenzi huo unapimwa kwa namna ya kufa. Watazamaji waliorithi kisa kama hicho walijua kwamba stelingi wa video hafi kwa sababu ya kanuni za biashara, wala si kwa sababu ya ukweli wa dunia. Nadhani ndiyo maana wanatamka msemo ule huku wakicheka.

Maneno mengine yamesafiri mbali zaidi. Rambo ulikuwa mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa kote Tanzania. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, lakini jina lake halijaondoka vinywani. Ninja ni vazi la mwanamke linaloacha macho tu. Komandoo ni mtu yeyote asiyetishika. Maneno hayo hayakupita mikononi mwa kamati yoyote ya istilahi, na yamedumu kuliko mengi yaliyopita huko.

Mtafsiri na mapokeo yake

Kizuizi cha mwisho kilikuwa lugha. Filamu zilizungumza Kiingereza au Kichina, na wenye mabanda walipata dawa yake. Mtu mmoja alikaa na kipaza sauti, sauti ya filamu ikapunguzwa, naye akaisimulia. Baadaye usimulizi huo ukarekodiwa juu ya kanda na kuuzwa. Tanzania ilimjua Lufufu, Kenya inamjua DJ Afro, na Uganda, kwa Kiluganda, inamjua VJ Jingo. Japani ilikuwa na sanaa ya jinsi hiyo zama za filamu zisizo na sauti. Wasimulizi wake, walioitwa benshi, walipendwa kiasi kwamba watu walimfuata msimulizi kuliko mchezaji.

Neno mtafsiri halitoshi kuieleza kazi yao. Mtafsiri wa banda hutanguliza habari ambazo filamu haikuzitaja, huwapa wahusika maneno yao, huwabandika majina ya mtaani, humkemea adui, humwonya stelingi, na husema na watazamaji kana kwamba yupo kati yao. Pale filamu inapolegea, yeye ndiye anayeikaza. Kwa maana hiyo udhaifu wa filamu ni nafasi yake ya kazi. Filamu kamilifu ingemwachia nini cha kusema? Hapa tunapata jibu moja la swali la raha: mtazamaji wa Kiswahili hakupenda kazi pungufu, alipenda kazi iliyokamilishwa mbele yake.

Sanaa hiyo haikuzuka katika ombwe. Mwaka 1728 Bwana Mwengo wa Pate alitunga Utenzi wa Tambuka, akichukua masimulizi ya Kiarabu ya vita dhidi ya Herekali wa Rumi na kuyapa mizani na vina vya Kiswahili. Katika karne ya kumi na tisa Mgeni bin Faqihi alitunga Utenzi wa Rasi 'lGhuli, wenye beti zaidi ya elfu nne za mapigano. Sisemi kwamba filamu ya ninja ni sawa na tenzi hizo, hasha; tenzi zile zina imani na makusudio ambayo video haina. Ninachosema ni kwamba kuchukua kisa cha vita kutoka ng'ambo na kukifanya chetu kwa nguvu ya sauti ya msimulizi ni desturi ya Waswahili yenye umri wa karibu karne tatu kwa uchache.

Desturi hiyo iliendelea katika nathari. Muhammed Said Abdulla alimleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, mpelelezi mwenye nasaba na Sherlock Holmes. Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Sisi wa vyuo vikuu tuliziweka riwaya za aina hiyo chini ya kichwa cha fasihi pendwa, tukizitenga na fasihi tuliyoiita dhati, na ilichukua muda kabla hazijapata nafasi ya heshima katika tasnifu. Ngazi ya A na B tuliijenga wenyewe darasani.

Haya iliyo ya haki

Baada ya kuitetea raha hii, hatuna budi kuitazama haya ya pili. Filamu hizi zina maadui, na maadui hao wana sura. Katika Missing in Action ni Wavietinamu, katika The Delta Force ya mwaka 1986 ni Waarabu, nao hufa kwa makumi bila kupewa jina. Mwaka 1985 Cannon ilitoa King Solomon's Mines, iliyopigwa Zimbabwe, kutokana na riwaya ambayo wasomaji wa Kiswahili waliijua tangu mwaka 1929 kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Katika filamu hiyo Waafrika wanawatia wageni Wazungu ndani ya chungu kikubwa ili wawapike.

Liko jambo zito zaidi. Mwezi Desemba 1980 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliwataka wasanii na nchi zote kuisusia Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi katika utamaduni. Hata hivyo serikali ya huko ilivutia watengenezaji wa filamu kwa nafuu za kodi, na watafutaji wa gharama ndogo waliitika. American Ninja 2 ya mwaka 1987 ilipigwa huko, na ya tatu ya mwaka 1989 vivyo hivyo. Katika miaka hiyo hiyo chama cha ANC kilikuwa na shule yake Mazimbu, Morogoro, kwa ajili ya vijana waliokimbia utawala ule. Urahisi wa filamu ulikuwa na bei, ila aliyeilipa hakuonekana katika picha.

Hiyo ndiyo haya inayostahili. Haihusu ngumi zisizogusa wala midomo isiyolingana na sauti, na haiondolewi kwa kuacha kutazama. Hupunguzwa kwa kujua. Kuna ushahidi pia kwamba sauti ya Kiswahili haikuyameza yote kama yalivyoletwa: mtafsiri anayempa adui jina la mtaani na kumfanya atukane kwa ufundi amempa utu ambao mwandishi wa filamu alimnyima. Ni mara ngapi jambo hilo lilitendeka, na kwa namna gani, ni maswali yanayoweza kujibiwa kwa kuzisikiliza kanda zenyewe.

Hitimisho

Hapo ndipo panapotia wasiwasi. Kanda ya sumaku huharibika kwa joto na unyevu, na pwani yetu ina vyote viwili. Deki za kuzichezea hazitengenezwi tena. Filamu zenyewe hazimo hatarini, kwani Enter the Ninja na wenzake zimehifadhiwa vizuri katika nchi zilikotoka. Kinachokufa ni safu ya Kiswahili iliyowekwa juu yake: saa nyingi za usimulizi, zenye lahaja za mitaa, misemo, matusi, mizaha na mbinu za utambaji za miongo ya mwisho ya karne ya ishirini. Watafiti wachache, aghalabu wa kutoka nje, wameanza kuiandika. Idara zetu za Kiswahili hazijaifanya kazi hiyo kuwa yao.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, maktaba za vyuo zikusanye kanda zilizosimuliwa kwa Kiswahili na kuzigeuza kuwa za kidijitali kabla hazijanyamaza. Pili, wanafunzi wa shahada za juu wanukuu usimulizi huo neno kwa neno, kama wazee wetu walivyonukuu tenzi kutoka vinywani, na kuuchambua kwa zana zile zile za fasihi simulizi. Tatu, wasimulizi walio hai, na wenye mabanda waliowaajiri, wahojiwe sasa.

Waliotutangulia walizikuta tenzi katika makaratasi yaliyoliwa na mchwa, wakaziokoa zilizosalia, na hadi leo tunasikitikia zilizopotea. Sisi tumekuta kanda. Asiyetaka kukiri kwamba alizitazama kwa raha asilazimishwe kukiri, asaidie kuzihifadhi.